Usiwakimbie Watu wa Ploti: Jibu kwa Karani Anayeandika Riwaya

Msomaji anayejiita Karani wa Kayole ameniandikia. Ana mume na watoto wawili, anafanya kazi katika ghala moja la Eneo la Viwanda, na wanaishi vyumba viwili katika ploti yenye familia nyingi. Ameandika sura mbili za riwaya ya Kiswahili kuhusu msichana anayetoka Kakamega kuja Nairobi kutafuta maisha. Msichana amefika, amepata chumba, na hapo kalamu ikagoma. Anauliza: "Mwalimu, niache chama na kwaya ili nipate nafasi ya kuandika? Hapa kwetu hakuna utulivu, kila jioni kuna mtu mlangoni. Na hata nikipata huo utulivu, naona maisha yangu hayana la kuandikia riwaya. Ni kazi, matatu, mboga, kulala. Mume wangu hanikatazi, ila anauliza hiyo riwaya italeta nini nyumbani."

Dada yangu, hicho chama chenu cha kuchangiana usiache. Kwaya ni wewe wa kuamua: kama mazoezi yanakula jioni tatu kwa wiki, mwombe kiongozi akupumzishe kwa msimu mmoja, utarudi. Lakini ukiniuliza kama mwandishi wa riwaya anahitaji kujitenga na watu, nakwambia hapana, na ndivyo ninavyoamini kwa miaka yote ambayo nimeandika nikiishi katikati ya watu hapa Nairobi. Unachohitaji ni saa moja ambayo mlango umefungwa. Saa zilizobaki, uache wazi.

Tuanze na hiyo saa, maana nadhani ndiyo inayokuuma. Wengi wanaotaka kuandika hungojea likizo, au watoto waende mashambani Agosti, au siku watakapohamia nyumba yenye chumba cha ziada. Piga hesabu hii badala yake. Maneno 300 ni kama ukurasa mmoja na nusu wa daftari. Ukiandika maneno 300 siku tano kwa wiki, Jumamosi na Jumapili ukaziachia nguo, kanisa na usingizi, unapata maneno 1,500 kila wiki. Wiki 34 zikipita una maneno 51,000, na hiyo ni riwaya kamili. Ni kama miezi minane. Ukianza Januari, mijakaranda ya mjini inapoanza kuchanua mwezi wa Septemba unakuta rasimu nzima imo mkononi mwako.

Hayo maneno 300 utayaandikia wapi? Wengine tunaamka saa kumi na nusu alfajiri, kabla ya ploti kuamka, tunaandika hadi mtu wa kwanza atakapofungua mfereji. Wewe unayewahi kazini Eneo la Viwanda pengine saa hiyo tayari unapika uji na kutafuta soksi za shule. Basi chukua saa ya chakula cha mchana. Kula haraka kibandani, kisha rudi ukaketi pembeni na daftari. Wenzako watakusumbua wiki ya kwanza, wiki ya tatu watakuwa wameshazoea. Kuna na matatu: msongamano wa Jogoo Road jioni unatosha kurekebisha ukurasa mzima ulioandika mchana. Ila ukitumia simu, usiketi dirishani kioo kikiwa wazi, unajua mwenyewe kwa nini. Mimi napenda daftari la jalada gumu. Halina haja ya stima, haliishiwi na chaji, na hakuna mtu atakayelinyakua kwenye foleni ya magari.

Kabla ya kufunga daftari kila siku, andika pembeni mstari mmoja: nani ataingia sasa, na anataka nini. Usiandike atakachosema, andika anachotaka tu. Kesho yake hutakaa ukitazama ukurasa mweupe huku dakika zako zikiyeyuka, maana utakuta mtu anakungoja mlangoni.

Na usidhani kuandika ukiwa na kazi ya mshahara ni mkosi wako peke yako. Shaaban Robert, ambaye sote tunaoandika Kiswahili tunamwita baba, alikuwa karani kama wewe. Alifanya kazi miaka mingi katika idara ya forodha ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika, na ndani ya maisha hayo ya ofisi na uhamisho akatuachia mashairi, insha na riwaya hadi alipofariki 1962. Ken Walibora wetu, ambaye riwaya yake iliyomtambulisha kwa wasomaji ilitoka 1996, wengi walimjua pia kwa sura yake kwenye habari za televisheni. Hawa hawakuwa na siku nzima za kukaa na kalamu. Walikuwa na vipande vya muda, na walivilinda.

Sasa nije kwa watu, ambako nina mengi zaidi ya kusema.

Unalalamika kwamba kila jioni kuna mtu mlangoni. Naomba wiki hii, badala ya kukereka, umsikilize huyo mtu. Nitakuonyesha ninachomaanisha kwa jambo ambalo umelishuhudia mara nyingi. Jirani amemkopesha mwenzake shilingi 500. Leo anazihitaji, gesi imeisha. Angalia atakavyozidai. Atabisha hodi. Atakaribishwa kuketi, atakataa: "Siketi, nimeacha sufuria jikoni." Halafu ataketi. Ataulizia kikohozi cha mtoto. Atasema tokeni za stima siku hizi hazikai. Watalalamikia bei ya unga kwa pamoja, kwa sauti moja, kama watu wasio na jambo kati yao. Mwenye deni amejua kilichomleta mgeni tangu aliposikia hodi, ndiyo maana anamimina chai ikajaa kikombe kuliko kawaida. Mgeni atakunywa, atashukuru, ataaga. Atafika mlangoni, atashika kitasa, na akiwa tayari amempa mwenyeji mgongo atasema: "Na ile kitu, usijali, ukipata."

Sasa itazame tena. Jikoni hakuna sufuria, maana gesi ndiyo imeisha. Neno deni halikutamkwa hata mara moja, na deni limedaiwa kwa namna itakayomnyima mwenzake usingizi. Wanawake wawili wamelindiana heshima, na wakati huohuo wameumizana. Hiyo ni sura nzima ya riwaya, dada, na umeipata kwa bei ya kikombe cha chai. Mtu aliyejifungia peke yake nyumba ya mbali anaweza kubuni ugomvi wa kutupiana maneno. Hawezi kubuni ile sufuria. Ile unaipata kwa kuishi na watu na kuwatazama kwa upendo.

Utaniuliza, je, niandike "ile kitu" au nirekebishe iwe "kile kitu"? Wahariri na waandishi wa Kenya tumebishana sana kuhusu hili, na mimi nina msimamo. Msimulizi wako aseme Kiswahili sanifu, tena kizuri, chenye methali na pumzi yake. Wahusika waseme wanavyosema watu wa Kayole. Mchapishaji anayelenga shule huenda akakuomba usanifishe hata mazungumzo, nawe unaweza kumtetea mhusika wako kwa adabu. Lakini Sheng, ile lugha ya vijana wa mitaani, itumie kwa kiasi. Imezaliwa katika mitaa yetu hii ya Eastlands na inabadilika kila kizazi, neno lililokuwa moto shuleni mwaka juzi leo linachekesha. Ukijaza riwaya maneno ya msimu huu, baada ya miaka kumi hata mtoto wako atahitaji kufafanuliwa. Kinachodumu ni mpangilio wa sentensi: yule anayezunguka kabla ya kusema, yule anayekata maneno, yule makanga wa matatu anayemaliza kila jambo kwa swali. Nairobi kila mtu anakizungumza Kiswahili akiwa amebeba lugha ya kwao begani. Mluhya, Mkamba, Msomali na Mjaluo wakipanga foleni moja ya maji utasikia Kiswahili cha miondoko minne, na kila mmoja ana ucheshi wake. Hiyo hazina waandishi wa miji mingine hawana, na wewe unaipata bure kila unapochota maji.

Kuna jambo moja ambalo hukuuliza, ila ukianza kusikiliza hivi litakufikia tu: siri za watu.

Katika chama chenu mnaambizana mambo. Kuna anayesema hela za mchango amezipata wapi, kuna anayelia. Wanasema mbele yako kwa sababu wewe ni mwenzao. Siku ukiwa mwandishi, uaminifu huo haujaisha, umeongezeka uzito. Mimi ninafuata hivi: lililosemwa kwa sauti ya chini, maadamu jeraha bado bichi, si mali yangu. Hata kama ni hadithi tamu kuliko zote nilizowahi kusikia. Hata kama najua ingeiokoa sura ya saba.

Na usijidanganye kwamba ukibadilisha jina umemficha mtu. Watu wa ploti hawamtambui mtu kwa jina. Wanamtambua kwa idadi ya watoto, kaunti anakotoka, kazi ya mumewe, rangi ya pazia lake. Ukitaka kulichukua jambo, chukua kiini chake uache maganda yote. Tuseme unamjua baba fulani aliyepoteza kazi, na kila asubuhi bado anatoka na begi lake ili majirani wasijue. Umeguswa na habari hiyo, na una haki ya kuguswa. Jiulize umeguswa na nini hasa. Ni ile juhudi ya kulinda sura ya mtu mwenye kazi mbele ya watu ambao pengine wangemsaidia kama wangejua. Basi mpe juhudi hiyo msichana aliyekosa karo ya chuo, ambaye kila asubuhi anavaa vizuri na kwenda kushinda Jeevanjee Gardens akisikiliza wahubiri na wabishi wa siasa, hadi saa ya watu kurudi nyumbani. Aibu ni ileile, mtu ni mwingine. Na utashangaa: kwa kuwa sasa huyo msichana ni wako, utaweza kumfanya atende jambo ambalo yule baba hakulitenda.

Waambie pia kwamba unaandika. Usiandike kama mwizi. Wengine watakucheka, mmoja atakuja kukwambia, "Mimi niandike, lakini nifanye nikuwe mrefu." Wataanza kukuletea hadithi wenyewe, na zilizo nyingi hazitakufaa, lakini utakuwa umepewa ruhusa, na kuandika ukiwa na ruhusa ya watu kunaondoa woga ambao huwakwamisha wengi bila wao kuujua.

Kuhusu maisha yako kukosa la kuandikia, hapo hatukubaliani hata kidogo. Umeniandikia "kazi, matatu, mboga, kulala." Nenda jioni moja ukasimame pale kwa mama mboga wenu bila haraka. Mtazame anavyokata sukuma. Anakusanya majani, anayapanga moja juu ya jingine, anayakunja hadi yawe gombo la kujaa ngumi, kisha kisu kinaanza kupita mbele ya kidole gumba, chap chap chap, nyuzi nyembamba za kijani zikianguka ndani ya mfuko. Hana ubao. Hatazami kisu, anamtazama mteja, anamuuliza mtoto alipita mtihani? Kisu hakisimami. Akifika mwisho wa gombo, vidole vinarudi nyuma kidogo tu, kiasi kile kile kila mara. Halafu anatupia nyanya moja ya ziada juu, bila kusema kitu, kwa sababu amesikia jibu kuhusu mtihani na halikuwa zuri.

Nyanya ile ndiyo ninayotaka uiandike.

Tumezoea kuamini kwamba riwaya ya Nairobi sharti iwe na bomoabomoa, polisi, hongo, njaa na maiti. Mambo hayo yapo, na anayeyaona asinyamaze. Lakini nimesoma miswada mingi ya vijana ambayo kila ukurasa una msiba, na nilipofika katikati sikuwa tena na huzuni, nilikuwa nimechoka tu. Sababu ni kwamba mwandishi hakunionyesha kilichokuwa kinapotea. Mama anafukuzwa nyumbani kwa kukosa kodi: sawa, inasikitisha, tumeiona. Lakini kama katika sura ya pili ulinionyesha kwamba kila Krismasi yeye na mumewe humsimamisha mtoto kwenye fremu ya mlango, wakaweka alama ya kalamu juu ya kichwa chake, wakacheka kwa vile amempita binamu yake, basi katika sura ya tisa huhitaji kuniandikia machozi. Utaandika kwamba vyombo vyote vilitoka isipokuwa fremu ya mlango, na mimi msomaji nitashindwa kuendelea kwa muda.

Kwa hiyo furaha ndogo ziandike kwa bidii ileile unayoandikia uchungu. Kila usiku kabla ya kulala andika mstari mmoja kuhusu kilichokupendeza siku hiyo, na pembeni yake jina la aliyekuwepo. Hilo la pembeni usilipuuze. Ukikusanya mistari hiyo miezi miwili utaona jambo: karibu yote ina mtu mwingine. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, watoto wa ploti nzima wako chini ya taa na mabakuli. Stima ikirudi baada ya jioni nzima ya giza, hakuna anayeshangilia peke yake, kelele inatoka madirisha yote kwa pamoja. Uji wa moto asubuhi ya Julai, ile baridi yetu isiyo na jua, unanoga kwa kuwa kuna aliyekupokeza kikombe. Mwandishi akiyaona haya kwa muda mrefu, wahusika wake huacha kuwa watu wanaowaza peke yao chumbani.

Na chama chenyewe kina kazi nyingine ambayo hujaifikiria: ndicho kitakachokuwa kikao chako cha kwanza cha wasikilizaji. Ngũgĩ wa Thiong'o aliisimulia habari ambayo mimi huirudia kwa kila anayeniuliza kuhusu wasomaji. Riwaya yake ya kwanza kwa Kikuyu, ile aliyoiandikia kizuizini Kamiti kwenye karatasi za chooni, ilipotoka 1980 watu hawakuisoma kimyakimya tu. Familia zilikusanyika jioni mmoja akawasomea wengine. Wafanyakazi walisomeana saa ya chakula cha mchana. Hata kwenye baa ilisomwa, na msomaji glasi yake ikikauka alikuwa anakatiza mahali patamu hadi wasikilizaji wamnunulie nyingine ndipo aendelee. Watu wetu walikuwa wasikilizaji wa hadithi kabla hatujawa na vitabu, na hawajaacha.

Basi mkikutana nyumbani kwako zamu yako ikifika, mkishamaliza hesabu za michango, waombe dakika kumi uwasomee. Usiwaulize baadaye kama ni nzuri, watasema ni nzuri sana, ni wenzako. Watazame wakati unasoma. Mtu anayekuna nazi au kuambua njegere mikono yake ikisimama, weka alama pale. Wakianza kutazama simu, weka alama pale pia, na wakishaondoka ukate. Ukimaliza kusoma uliza swali moja tu: "Mnafikiri sasa atafanya nini?" Wakijibu wote jambo moja, sura yako inayofuata isiwe hilo. Wakianza kugombana, uko salama, endelea.

Usomaji wako mwenyewe uendelee pia. Wewe huishi mbali na maktaba. Ya McMillan pale mjini, karibu na Msikiti wa Jamia, ilifunguliwa 1931 kwa ajili ya Wazungu peke yao, na kwa miaka mingi wazee wetu walipita tu mbele ya nguzo zake. Leo ni yetu sote, na ina matawi yake upande wetu huu, Kaloleni na Makadara. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange, mwandishi wa riwaya, pamoja na Angela Wachuka, limejitolea kuzifufua maktaba hizo tatu. Jumamosi nenda na watoto Makadara, wao wasome vyao nawe usome vyako. Na ukipita barabara ya Tom Mboya mjini, wale wanaopanga vitabu vya mitumba kando ya njia wana riwaya za Kiswahili za zamani ambazo huzioni tena madukani. Inama uchambue.

Mumeo ameuliza swali la haki, na usilichukue kama dharau. Mwambie ukweli. Riwaya ya Kiswahili hapa Kenya huuzwa zaidi kupitia shule. Ikiteuliwa kutahiniwa katika karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, husomwa na kidato kizima nchi nzima, na mwandishi wake hupumua. Zisizoteuliwa huuzwa polepole. Mrabaha kwa kawaida huwa sehemu kama ya kumi. Tuseme kitabu ni shilingi 600, na mkataba wako unasema asilimia 10 ya bei hiyo: unapata shilingi 60 kwa nakala, kwa hiyo nakala 1,000 ni shilingi 60,000, na nakala 1,000 zaweza kuchukua muda mrefu kuisha. Kazi ya ghalani usiiache. Kuna tuzo pia. Ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, hupokea miswada ambayo haijachapishwa, riwaya zikiwemo, nayo ni mlango mzuri kwa mtu asiyejulikana. Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi, ya tangu 1974, ni ya vitabu vilivyokwisha kuchapishwa. Na yeyote atakayejiita mchapishaji kisha akakudai wewe pesa ili "akuchapishie", soma mkataba wake pamoja na mtu anayeelewa mikataba kabla hujatoa shilingi. Wapo wanaokuuzia huduma ya uchapaji, na hiyo ni biashara halali, lakini hiyo si kazi ya mchapishaji anayeweka mtaji wake kwenye kitabu chako.

Baada ya kumwambia hayo, mwombe jambo moja: awasimamie watoto kazi za shule jioni mbili kwa wiki, wewe ukiwa na daftari. Mtu akishachangia kazi, hukoma kuuliza kama mgeni. Huanza kuuliza umefika sura ya ngapi.

Nimalizie na kukwama kwako, maana nadhani nimekiona kilichotokea. Msichana wako ameshuka stendi ya mabasi karibu na Muthurwa, amebeba begi na mfuko wa mahindi, amehangaika, amepata chumba, amefunga mlango, ameketi kitandani. Sura mbili nzima hakuna mtu aliyezungumza naye zaidi ya dakika moja, isipokuwa kumdanganya. Umemweka Nairobi isiyo na majirani. Umemfanyia yeye kile ulichokuwa unataka kujifanyia mwenyewe, ukamtenga, na sasa hana la kufanya wala wewe huna la kuandika.

Mtume mtu ambishie hodi. Usiku uleule wa kwanza, kabla hajawasha mshumaa. Awe jirani wa mlango wa pili, mwanamke wa makamo, amekuja kuomba kibiriti. Aombe kwa adabu, akatae kuketi, halafu aketi. Aulize msichana anatoka wapi, na akisikia Kakamega anyamaze kidogo kuliko inavyostahili. Akiondoka aache kitu, chochote kidogo, chumvi iliyofungwa kwenye karatasi au ndizi mbili, kwa mtu asiyemjua. Mwache msichana alale akijiuliza kwa nini mtu aliyekuja kuomba ameondoka akiwa ametoa, na kwa nini kibiriti alichokuja kukiomba amekisahau juu ya kitanda.

Wewe mwenyewe usiamue sasa hivi jibu ni lipi. Andika maneno yako 300 ya kesho hadi mlango utakapofungwa, na ya keshokutwa yaanzie upande wa pili wa ukuta, chumbani kwa huyo jirani. Ukiimaliza sura hiyo nitumie, ningependa kujua alikuwa amekuja kutafuta nini.